Makomeno kwa miguu, kikapu mkononi



Wiki hii barua yetu ni ya matembezi. Wengi wenu Makomeno mnaipita tu ndani ya basi, mawazo yako sokoni au hospitalini, na mtaa mnauona kama kuta na malango. Sisi tuliupita kwa miguu, Jumamosi asubuhi ya mwezi wa kumi, wanawake wanane na watoto sita, kila mtoto na mfuko wake mdogo. Tulikuwa tunatafuta vitu vya kutengeneza na watoto nyumbani: vya bure, vya kufundisha, na visivyo na sumu. Hilo la mwisho ndilo lililotuchelewesha njiani kuliko mengine, na mtaona sababu.

Tulianza na hesabu ya nyumbani. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi, na hilo limewapeleka darasani watoto wengi waliokuwa wanakaa tu. Lakini maternelle haimo ndani ya neema hiyo. Mama mwenye watoto watatu, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa minne, anachagua: alipe, au wabaki lupangoni. Wengi wanabaki. Mwalimu wao anakuwa yaya mwenye miaka tisa, akirudi kutoka masomo, akiwa na njaa na kazi zake. Kisha siku moja mdogo anaingia mwaka wa kwanza, na mwalimu anamtaka ashike kalamu, ahesabu mpaka kumi na atenganishe rangi, tena kwa Kifaransa. Kidole kilichozoea kufinyanga na kupitisha uzi kwenye tundu hakichoki upesi kikishika kalamu. Hiyo ndiyo sababu ya kikapu chetu.

Makomeno ni mtaa wa komini ya Lubumbashi, na mwezi wa kumi unampokea mtu vizuri kabla jua halijapanda. Joto limefika, mvua bado, na jakaranda zimetoa maua yale ya zambarau mpaka barabara imebadilika rangi. Wageni wanapiga picha. Anayefagia mbele ya lango lake kila asubuhi ana maneno yake juu ya uzuri huo, na tulimsikia mmoja akiyasema. Watoto wetu walimsaidia dakika tano. Walikusanya maua, wakayapanga chini kwa mstari, kisha kwa duara, na mmoja akaanza kuyapachika kwenye vidole vyake kama kofia: kumi yalienea, la kumi na moja likakosa kidole. Hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo. Sisi tulisimama tu kwenye kivuli.

Chini ya jakaranda mtapata pia maganda yake makavu, bapa na magumu, yaliyofunguka kama midomo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyapanga kwa ukubwa. Wa miaka mitano anaweza kuyapaka rangi, na mama akiyatoboa kwa msumari wa moto yanafungwa kwenye uzi yawe samaki au kobe. Flamboyanti nayo inatoa maganda marefu kama panga, mbegu zimo ndani, na likikauka likitikiswa linalia. Hilo ni kayamba tayari, halihitaji fundi. Tulikuwa na mawili, watoto sita. Fikirieni kelele. Tulipofika kona ya pili tulikuwa tumeokota saba, kila mmoja na lake na moja la akiba, amani ikarudi.

Hapo lazima tuseme neno la mbegu, kwa sababu si kila kilicho kizuri kinaingia kikapuni. Mbono, ule mmea unaoota wenyewe penye takataka, una mbegu za madoadoa zinazovutia kama shanga, na ni sumu kali zikitafunwa. Vivyo hivyo zile mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watu wanazitungia mikufu: ngumu zinapita tumboni, lakini iliyotobolewa au kutafunwa inaweza kuua mtoto. Tuliziacha zote. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu hata haragwe tunaliacha, maana haragwe linapenda pua na koo. Wape vitu visivyoenea mdomoni: vifuniko vikubwa, kokwa za embe zilizokaushwa, mabua ya mahindi.

Sasa tufike kwenye udongo.

Kila mmoja wetu aliyekulia huku amefinyanga. Tulitengeneza mbabula ndogo, sufuria, mwiko, na bukari ya udongo juu yake, tukaalikana. Kazi hiyo inafundisha zaidi ya nyingi zinazouzwa dukani: nguvu za mkono, umbo, kipimo, na kungoja, maana udongo haukauki kwa amri ya mtoto. Nchi yetu ya Katanga ina udongo wa kusifika kwa jambo hilo, ule wa vichuguu. Mkitoka mjini kidogo mnaviona msituni, vingine virefu kuliko nyumba, na watu wanavichimba kufanya matofali tangu zamani. Mchwa umechagua chembe laini, ukaziinua kutoka chini, ukazikandika. Ukiuchekecha, ukauloweka usiku mmoja na kuukanda asubuhi, unashikana vizuri na haupasuki sana.

Lakini mji huu ni mji wa mukuba. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na bomba lake refu la moshi pamoja na ule mlima mweusi wa mabaki ndivyo vitu vya kwanza ambavyo mtoto wa Lubumbashi anachora akiambiwa achore kwao. Moshi ule ulibeba metali, na metali haiozi. Ilianguka ardhini ikabaki. Upande wa kaskazini-magharibi mwa kiwanda, ambako upepo uliupeleka moshi miaka mingi, kule Penga Penga, ziko sehemu ambapo udongo umebaki uchi, na watu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha majani ya kustahimili shaba ili vumbi lishikwe lisipeperuke.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo hicho hicho, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti, risasi, arseniki, kadmi na urani nyingi kuliko waliokaa mbali. Kobalti ilikuwa juu hasa kwa watoto. Mwaka 2018 wakatoa matokeo mengine, ya Kasulo kule Kolwezi, ambako watu wanachimba hata chini ya nyumba zao. Na huko pia watoto walizidi watu wazima. Si kwamba watoto wanachimba zaidi. Wanakaa chini, wanacheza chini, na mkono unakwenda mdomoni. Risasi tunayosema hapa ni ile metali nzito, si ya bunduki, na inajulikana dunia nzima kwamba inaharibu akili ya mtoto mdogo ikiingia mwilini hata kidogo kidogo.

Kwa hiyo tulisimama njiani tukabishana. Mmoja wetu alisema basi tuache udongo kabisa. Mwingine, ambaye ni mkunga, alisema: "Mukiacha udongo, watoto watacheza nao tu, nyuma yenu. Afadhali mujue munawapa udongo gani." Tulimfuata huyo. Udongo wa kando ya barabara kubwa hatuuchukui. Wa karibu na kiwanda, depo ya madini, au mahali wanapoosha mawe, hatuuchukui, hata ukiwa na rangi nzuri. Mchanga mweusi unaong'aa ni mabaki ya kiwanda, si wa watoto. Kichuguu cha mbali na mji, upande usio na mgodi, ndicho tunachokichimba, na tunaacha ganda la juu tunachukua wa ndani. Watoto wananawa kwa sabuni kabla ya kula, kucha zinakatwa fupi, na sakafu inapanguswa kwa kitambaa chenye maji, maana fagio kavu linarusha vumbi lote hewani. Ile pemba ya sokoni ambayo wajawazito wanaitafuna nayo tuliizungumzia kirefu. Hatutaandika hapa kila kilichosemwa, lakini mkunga wetu anaomba mwenye mimba amuulize muuzaji imetoka wapi, na akikosa jibu aiache.

Jambo jingine la mawe. Mnawajua vijana wanaouza malakiti mjini, lile jiwe la kijani lenye miviringo, wamelichonga mamba, tembo na visanduku vya pete. Ni fahari yetu, na mgeni hatoki bila moja. Lakini kulikata na kulisugua kunatoa unga, na unga huo ni shaba. Mtoto alishike jiwe lililokwisha kung'arishwa, alitazame, ahesabu miviringo yake. Kusugua hapana. Na kusaga jiwe ili kupata rangi ya kijani hapana kabisa.

Turudi kwenye kufinyanga. Watoto wakiisha kuchoka na sufuria, wafundisheni kutengeneza misalaba ya shaba. Hii watoto wetu hawaijui, na wengi wa sisi tuliijua kupitia bendera na nembo tu. Kabla ya reli na kabla ya kampuni, wazee wa Katanga waliitwa walaji wa mukuba. Waliyeyusha jiwe la kijani ndani ya tanuru za udongo, wakimimina shaba kwenye vibao vyenye umbo la msalaba au la herufi H, na misalaba hiyo ikawa fedha: ilinunua chumvi, jembe, ikalipa mahari. Mtoto anaviringisha mijiti miwili ya udongo, anaiweka moja juu ya nyingine, anabonyeza, anaanika. Akiwa na ishirini, amefungua duka. Embe moja msalaba mmoja, kuku misalaba mitano. Nyumbani kwa mmoja wetu duka hilo limekwisha wiki mbili, na mwenye duka, miaka mitano, amekataa kumkopesha mdogo wake. Hakuna aliyemtuma.

Kwa siku ya mvua, au kwa anayekaa karibu na kiwanda na haaminii udongo wowote, kuna unga: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji karibu kikombe kimoja kidogo kidogo mpaka unakandika. Chumvi inauzuia kuoza, na mtoto akionja mara moja harudii. Hapa tena hatukupatana. Mama mmoja alisema hawezi kumpa mtoto unga wa kuchezea wakati jirani yake analala bila bukari, na mtoto wa jirani anatazama juu ya ukuta. Tulinyamaza, maana ni kweli. Wenye uwezo wafanye kidogo, waufunge kwenye plastiki utumike siku nyingi. Asiye na uwezo asione haya: karatasi za zamani zilizoloweshwa, zikapondwa kinuni na kijiko cha unga wa muhogo uliopikwa kama uji mwepesi, zinafinyangika vilevile, na zikikauka ni nyepesi kuliko udongo. Uji huo huo wa muhogo ndio gundi yetu ya kila kitu. Hatununui kole.

Kutoka Makomeno tulishuka mjini, watoto wakiwa bado na nguvu, kwa ajili ya rangi. Mji wetu una historia ya wachoraji ambayo ni hazina kwa mama mwenye mtoto mdogo. Mwaka 1946, mji ukiitwa Élisabethville, Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la maji, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Aliwapa rangi na karatasi, akawaacha watafute ndani yao wenyewe na katika msitu wanaoujua. Mnaweza kusema mengi juu ya Mzungu wa wakati ule aliyeamua kipi ni Kiafrika na kipi sicho, na kati yetu yuko aliyeyasema. Lakini tazameni kilichotoka. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na majani, kila kitu kimejazwa nukta na alama ndogo mpaka ukurasa unatetemeka. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi ya rangi, mmoja kando ya mwingine. Na Bela, aliyetoka mbali, upande wa Chadi, alichora kwa ncha za vidole vyake.

Nukta, mistari, vidole. Mtoto wa miaka mitatu anaweza yote matatu, na hakuna moja linalotaka burashi ya kununua. Mwambie leo tunachora kama Bela: chovya kidole, bonyeza, chovya, bonyeza, mpaka samaki ana magamba. Kesho kama Mwenze, kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Akikosea hakuna kosa, mstari mwingine unaufuata wa kwanza. Akisikia kwamba mtu wa mji wake alifanya hivyo, na picha zake zikasafiri mpaka Ulaya na Marekani, anakaa wima kidogo. Sisi tuliona.

Rangi zenyewe ni za jikoni. Makala yaliyosagwa yakachanganywa na uji wa muhogo yanatoa nyeusi nzuri sana. Manjano ya viungo inatoa njano. Majani ya sombe yaliyopondwa yanatoa kijani ambacho kinafifia baada ya siku chache, msishangae. Kinachopendwa na wote ni maji mekundu ya maua makavu ya ngai-ngai, yale ya kufanyia juisi. Gaweni katika vikombe vitatu. Kimoja kiacheni. Cha pili kamulieni ndimu: kinakuwa chekundu cha kuwaka. Cha tatu tieni nusu kijiko cha soda ya mandazi: kinageuka buluu, kisha karibu na kijani, mbele ya macho yao. Watoto walipiga kelele kama wameona mchawi. Mkubwa wao, miaka sita, akauliza: "Na tukichanganya cha ndimu na cha soda?" Mchanganyeni, mtaona povu, na mtajua mtoto wenu ameanza kuuliza kama watu wa maabara wanavyouliza.

Kutoka mjini tulipanda basi mpaka soko la Kenya. Hapo hatutakaa sana, mnapajua. Tulikwenda kwa mafundi wa cherehani, tukaomba vipande vya bikwembe vinavyoanguka chini, na hakuna aliyetunyima. Vipande hivyo ni vya kupanga kwa rangi, kuweka gundi juu ya karatasi, kufungia mtoto wa kitambaa. Barabarani tuliwaona wavulana na motokari zao za waya, zenye usukani mrefu wa kuendesha ukiwa umesimama, taa za vifuniko, na moja ilikuwa na milango inayofunguka. Kwa watoto wadogo waya haufai, lakini kaka zao wapeni heshima yao, ile ni kazi ya injinia. Tuna maombi mawili tu: ncha zikunjwe zisichome jicho, na wasichome nyaya za umeme ili kupata waya wa ndani. Moshi wa plastiki ile ni mbaya kwa kifua cha mtoto na cha kila mtu aliye karibu. Mdogo wa miaka minne anatosheka na kisanduku cha kiberiti, vijiti viwili na vifuniko vinne vya chupa. Inatembea. Hilo tu ndilo analotaka.

Kwenye basi la kurudi ndipo mama mmoja mzee wa chama, ambaye watu wake ni wa Kabongo, alisema neno lililobadilisha kikapu chote. Alikuwa amemshika mjukuu magotini, na mjukuu anapanga vifungo vya shati juu ya kipande cha kartoni. Akasema: "Hii njo kama lukasa."

Wengi wetu tulilisikia jina hilo mara ya kwanza. Lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa Waluba: kipande cha mti chenye kuenea mkononi, kimepigiliwa shanga, visimbi na vipini vya chuma, kingine kimechorwa mistari. Watu wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kwa hatua na kwa siri, walikishika kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na kila shanga ikawakumbusha mfalme, safari, mahali patakatifu, ukoo. Historia ya ufalme wa Waluba ilisomwa hivyo, kwa kidole. Mbao chache za zamani ziko katika makumbusho ya nje, moja iko Brooklyn Museum kule New York, na mmoja wetu aliitafuta kwenye simu hapo hapo ndani ya basi, tukaipitisha simu kutoka kiti hadi kiti. Ni ndogo. Imechakaa pale vidole vilipopita.

Basi tukataka watoto watengeneze lukasa. Mzee akakataa. Alisema lukasa ilikuwa na wenyewe, watu walilia njaa na kuapa kabla ya kuishika, na si mchezo wa Jumamosi. Mwingine akajibu kwamba kisichoguswa na watoto kinakufa na wazee. Walibishana mpaka tuliposhuka Makomeno, kwa heshima, lakini walibishana. Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyetoa njia: mfanye ubao wa nyumba yenu, muuite ubao wa nyumba. Jina la lukasa liacheni mahali pake, watoto wakikua watalijua.

Tuliketi chini ya mwembe wa mmoja wetu tukaufanya. Kartoni nene ya sabuni, iliyokatwa kiasi cha mikono miwili ya mtoto. Uji wa muhogo. Vifungo, maharagwe, vipande vya kikwembe, maganda ya jakaranda. Mama anauliza, mtoto anabandika. Nkambo alizaliwa wapi? Weka kifungo kikubwa. Alivuka mto gani? Weka uzi wa buluu. Alikuja mjini kwa nini? Hapo nyumba nyingi zinajibu kazi ya kampuni, na mtoto anaweka kipande cha waya kwa ajili ya reli na punje ya makala kwa ajili ya kiwanda. Kwa wengine kuna mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walipoondoka kazini kwa wakati mmoja kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mama mmoja alinyamaza alipofika hapo. Mtoto wake hakungoja, akachukua kokwa la embe, akalibandika, akasema: "Mama, hapa njo papa alianza shamba." Alikuwa amelisikia wapi, mama hakujua. Walikuwa hawajawahi kulizungumza mbele yake.

Siku ya pili mtoto yule yule aliusoma ubao kwa kidole, mbele ya baba yake, bila kuruka kifungo hata kimoja. Mara ya tatu akaongeza punda, ambaye hakuwamo katika historia yoyote ya nyumba hiyo. Punda amebaki.

Kati yetu wako waliosoma fwaye, zile nyumba za wanawake katika kambi za Union Minière na baadaye za Gécamines, ambako mama zetu walijifunza kushona, kufuma na kupanga meza. Vitambaa vyao vya meza bado viko katika nyumba nyingi za Makomeno na za Lubumbashi yote, vyeupe, vimekunjwa kabatini. Tuliviona vizuri na hatukuruhusiwa kuvigusa. Mmoja wetu amekitoa cha mama yake wiki hii, kile chenye tundu tundu, akamwekea binti yake karatasi chini na kumpa rangi ya makala. Alama ya ua ilitoka safi. Kitambaa kilifuliwa, na weusi wote haujatoka.

Jumamosi ijayo tunakutana tena chini ya mwembe ule ule, saa tatu asubuhi, kabla ya joto. Kila mama alete kartoni moja, vifungo au maharagwe ya mkono mmoja, kijiko cha unga wa muhogo, na chupa ya maji ya kunawa. Udongo tutauleta sisi, tumekwisha kuuchimba na kuuloweka. Wenye nkambo walio hai waje nao, hata wasioona vizuri. Mzee wetu wa Kabongo amesema atakuja na jina la kila mto kutoka kwao mpaka hapa, na anataka watoto wenye masikio.